Samaki Ambao Hawaendi mu Sufuria

Kila mgeni anayeingia mu nyumba yetu, hapa Katuba, anasimama mbele ya sanduku la kioo na kuuliza neno moja: «Papa, hii samaki mutakula siku gani?» Mama mkwe wangu yeye hacheki. Anasema: «Mboga inakosa ku nyumba, na weye unapatia samaki chakula?»

Swali lake lina maana. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua makayabo, tomsoni na mikebuka ya Kalemie. Samaki wa kutazama tu, hapana. Basi nataka kumjibu mama mkwe hapa, na vijana wanaopenda kazi hii wasikie pia namna ya kufanya.

Akwariamu inafundisha jambo moja: mtu anafikiri anafuga samaki, kumbe anafuga maji. Maji yakiwa mazima, samaki nao ni wazima. Yakigonjwa, hakuna dawa itakayowaponyesha.

Na maji yanahitaji muda. Samaki anakula, anachafua, na uchafu wake unatoa amonia, ambayo ni sumu kali. Kuna bakteria wanaoishi mu mchanga na mu kichujio. Wao wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi. Lakini bakteria hao wanachukua majuma 4 hadi 6 kabla ya kuwa wengi. Mtu anayejaza samaki kumi siku ya kwanza atawatupa kabla ya mwezi kuisha.

Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 13, ndiye mwenye sanduku letu la lita 80. Alitia mchanga uliooshwa, maji na kichujio. Mwezi mzima na zaidi alitia chembe ya chakula tu kila siku, ili bakteria wapate cha kula. Watoto wa jirani walimcheka: «Unachunga maji ya bure!» Aliwaacha waseme. Halafu akaweka samaki watatu, na wote watatu wakaishi.

Kazi za kila juma si ngumu. Maji ya robine yana klorini, kwa hiyo tunayaacha mu ndoo wazi siku moja au mbili. Tunatoa robo ya maji ya zamani kwa mpira, tunatia mapya. Sifongo ya kichujio hatuioshi ku robine, maana klorini ingeua bakteria. Tunaikamua mu maji yale tuliyotoa. Chakula ni mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki kinaoza.

Samaki wetu ni wa ziwa Tanganyika, wale wadogo wasiopita sentimita 5, kila mmoja na nyumba yake mu ganda tupu la konokono. Kule kwao maji ya juu yana digri 24 hadi 28, na yana chumvichumvi nyingi za mawe. Kwa hiyo hatuwachanganyi na samaki wa mito ya msituni. Lakini Lubumbashi iko karibu metre 1 200 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Umeme ukikatika, tunafunika sanduku kwa blanketi nzito, hatutoi chakula, na kila mara mtoto mmoja anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili hewa iingie.

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi watoto wa migodi. Jiwe la malakiti ni zuri, na nyumba nyingi za kwetu zinalo. Msilitie mu sanduku. Malakiti ni madini ya shaba, na shaba ikiyeyuka kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni wala ulimi hauonji, inaua konokono na samaki. Hata waya wa shaba, hapana.

Binti yangu alipoelewa jambo hilo, alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: «Papa, kule kwenu ku kazi, maji ya kusafisha mawe inaendaka wapi?»

Mimi ninakula bukari kwa ajili ya shaba. Shaba imelipa masomo yake. Lakini swali la mtoto lilinifuata mpaka kazini, nikaenda kumuuliza mkubwa wangu. Alinieleza juu ya mabwawa, juu ya kuta zake na namna yanavyochungwa. Nikamwambia mtoto. Naye akauliza tena: «Na nani anapima?»

Si swali la kitoto. Tarehe 18 Februari 2025, kwa majirani wetu wa Zambia, ukuta wa bwawa la mgodi ulipasuka karibu na Kitwe. Maji ya asidi yakaingia mu mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya robine. Watu wengi wa kule wanaishi kwa mgodi kama sisi, na maji ya mto ni ya kunywa, ya kulima na ya kuvua.

Basi, mama mkwe, jibu langu ni hili. Hawa samaki hawataleta mboga. Lakini ku nyumba yetu kuna mtoto anayejua kwamba maji yanaweza kung'aa mu kioo na bado yana sumu ndani, na haogopi kuuliza nani anayapima. Kesho asubuhi nitarudi kwa mkubwa wangu na swali lake la pili.