Rubani Asiye na Ndege



Juma hili sitafafanua masomo ya Dominika kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Nitaandika juu ya muumini mmoja wa parokia yetu, rubani kwa kazi yake, na juu ya makosa mawili niliyomtendea mimi paroko wake. Aliyonieleza hayakusemwa katika kitubio, jambo ambalo lingenifunga kinywa hadi kaburini. Aliyasema barazani kwangu jioni, kikombe cha chai mkononi, naye ameniruhusu kuyaandika mradi nisimtaje jina wala nisilitaje shirika lililokuwa limemwajiri. Nitamwita Kapteni, kwa kuwa ndivyo sote tunavyomwita.

Mwaka 2017 tulikuwa tukiezeka upya kanisa letu. Mnafahamu jinsi mambo haya yanavyokwenda: kamati ya ujenzi huketi, orodha ya wenye nafasi huandaliwa, na kila mmoja hupewa fomu ya ahadi. Kapteni alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuorodheshwa. Alikuwa na mistari begani, alikuwa na gari, na watoto wa Mtakatifu Aloyce walimkimbilia baada ya Misa ili wamguse kofia. Aliahidi shilingi milioni tano, akatoa milioni mbili mwaka huo huo, akasema zilizobaki zitafuata. Hapakuwa na mtu aliyetilia shaka. Nani angefikiri kwamba rubani anaweza kukosa mshahara?

Nililelewa katika hali ya kuziheshimu ndege kupita kiasi. Baba yangu mkubwa alikuwa fundi katika karakana za East African Airways pale Embakasi, Nairobi, na ingawa mimi nilizaliwa baada ya shirika hilo kufa, nimekua nikisikia habari zake kama wengine wanavyosimuliwa habari za mizimu ya ukoo. Lilianza kuruka mwaka 1946 kwa ndege ndogo za mabawa mawili zilizoitwa Dragon Rapide, likiwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kufikia mwaka 1960 lilikuwa na Comet, ndege za jeti, na mwaka 1966 likapokea Super VC10 za kwenda Ulaya. Baba mkubwa aliitamka Super VC10 kwa sauti ya mtu anayemtaja mchumba wa ujanani. Mwaka 1971 kikaanzishwa chuo cha urubani pale Soroti, Uganda, ambako vijana wa nchi tatu walijifunza kuruka darasa moja.

Kisha wakubwa wakakosana, na wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Nchi wanachama zililaumiana kuhusu madeni na michango isiyolipwa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege zikasimama. Kenya ikaunda Kenya Airways mwezi Januari, Tanzania ikaunda Air Tanzania mwezi Machi, na Uganda nayo ikaendelea na Uganda Airlines yake. Mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulifungwa Februari mwaka huo, haukufunguliwa hadi 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini Arusha mwaka 1984 tu. Waliosoma pamoja Soroti walijikuta kila mmoja akivaa sare tofauti.

Nimeyataja haya kwa sababu wengi wetu tunadhani kuporomoka kwa shirika la ndege ni ajali inayotokea mara moja katika karne. Uganda Airlines ilifilisiwa mwaka 2001, ikafufuliwa mwaka 2019. Air Tanzania iliungana na shirika la Afrika Kusini mwishoni mwa 2002, wakaachana 2006, na Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ikaizuia kuruka. Iliinuka tena kwa ndege mpya zilizonunuliwa na serikali kuanzia mwaka 2016. Fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam Novemba 2012 kwa nauli za kushangaza, ikasimama Desemba 2018. Kenya Airways, iliyokuwa fahari ya majirani zetu, ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25 za Kenya kwa mwaka mmoja wa fedha, 2014/15. Na kila shirika linapoanguka, magazeti huandika juu ya abiria waliokwama na serikali iliyopoteza fedha. Juu ya marubani huandikwa machache, pengine kwa dhana ile ile tuliyokuwa nayo kwenye kamati ya ujenzi.

Kapteni alinieleza jinsi shirika dogo linavyokufa. Tiketi huuzwa kwa shilingi, lakini kodi ya ndege, vipuri, bima na matengenezo ya injini hulipwa kwa dola. Ndege iliyokodishwa hudai kodi yake hata ikiwa imelala uwanjani. Shirika lenye ndege thelathini likipata hitilafu kwenye moja, abiria hawajui. Shirika lenye ndege nne likipata hitilafu kwenye moja, limepoteza robo ya kazi yake. Abiria waliocheleweshwa mara mbili hawarudi mara ya tatu, mapato hupungua, na kipuri cha ndege ya pili hukosa fedha. Ndipo ndege ya pili hugeuzwa ghala: wanaichukulia vifaa ili ile ya tatu iruke. Aliniambia kwamba mtu anayetaka kujua afya ya shirika asisome taarifa zake, aende akahesabu ndege zilizofunikwa injini kwa turubai. Kwao zilikuwa nne. Zikawa mbili, na mwishowe moja.

Mshahara ulianza kuja tarehe kumi badala ya tarehe ishirini na tano. Kisha ukaja nusu. Kisha zikaja barua za kuwaomba wafanyakazi wavumilie.

Hapa ndipo linapoingia kosa langu la kwanza. Katikati ya mwaka 2019 alikuja ofisini kwangu siku ya kazi, akiwa na shati la sare lakini bila tai. Nilikuwa na watu wa ndoa wakingoja nje. Aliniuliza swali ambalo sikulielewa: je, mtu ambaye hakulala usiku akihesabu ada za watoto anatenda dhambi akienda kazini? Nilidhani ni mashaka ya dhamiri ya kawaida, yale tuliyofundishwa seminarini kuyatuliza upesi. Nikamwambia kazi ni wajibu, avumilie, asali rozari, Mungu hamtupi mja wake. Nikamsindikiza mlangoni. Dakika tano, labda sita.

Miaka mitatu baadaye ndipo aliponifafanulia alichokuwa anauliza. Sheria ya anga inamtaka rubani mwenyewe aamue kama yuko timamu kuruka, na akijiona hafai ni wajibu wake kukataa. Lakini walikuwa wamebaki marubani wachache mno. Akikataa yeye, safari inafutwa. Safari ikifutwa, nauli zinarudishwa. Nauli zikirudishwa, mshahara wa wenzake wote unazidi kuwa ndoto. "Padre, nilikuja kukuuliza kama niruke au nisiruke," alisema, "nawe ukaniambia nivumilie." Asubuhi ya siku iliyofuata alikwenda uwanjani, akaketi ndani ya gari lake kwa muda, kisha akampigia msimamizi simu kwamba haruki. Abiria walimtukana bila kumjua. Shirika lilimwandikia barua ya onyo. Hadi leo sijui ujasiri ule aliutoa wapi, maana kwangu hakuupata.

Kosa la pili mnalikumbuka baadhi yenu, kwa kuwa lilitendeka mbele yenu. Jumapili moja ya Majilio mwaka huo huo, kwa ushauri wa kamati na kwa idhini yangu, yalisomwa mwishoni mwa Misa majina ya waliokuwa hawajakamilisha ahadi za paa. Jina lake lilikuwa la nne. Alikuwa ameketi benchi la tatu upande wa Mama Maria, na watoto wake wawili walikuwa kulia na kushoto kwake. Niliona binti akigeuza uso kumtazama baba yake. Niliona, nikaendelea na matangazo.

Hakuja tena. Mkewe aliendelea kuhudhuria jumuiya yake kama kawaida, na alipoulizwa habari za mumewe alijibu kuwa yuko safarini. Jibu hilo liliwatosha watu, maana rubani huwa safarini. Ukweli ni kwamba alikuwa nyumbani, umbali wa mwendo wa robo saa kutoka altareni, na shirika lilikuwa limefunga.

Mwalimu asiye na kazi hubaki mwalimu; atafundisha masomo ya jioni sebuleni. Daktari, fundi seremala, hata padre, ujuzi wake anao kichwani na mikononi. Rubani asiyeruka, hata hivyo, huondokewa na urubani wake siku kwa siku, kwa mujibu wa kalenda. Ili abebe abiria ni lazima awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita. Mara mbili kwa mwaka ni lazima apimwe umahiri wake, aghalabu kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza urukaji, ambayo kwetu humlazimu kusafiri hadi Addis Ababa au Johannesburg. Cheti cha afya nacho kina tarehe yake. Tena hana kibali cha kurusha ndege yoyote tu. Ana kibali cha aina fulani, na aina hiyo ikitoweka nchini, kibali chake ni sawa na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Shirika ndilo hulipia hayo yote. Likifa, bili humfuata mtu binafsi, kwa dola, wakati ambapo hana hata shilingi.

Kapteni alikuwa na zaidi ya saa 6,000 angani, naye alijihesabu mwenye bahati. Aliwahurumia zaidi vijana waliokuwa wakikaa kiti cha kulia. Wazazi wao waliuza viwanja ili wasome Afrika Kusini. Walirudi na leseni na saa 200 hivi, na mashirika mengi hayamtazami mtu wa saa hizo. Wakipata shirika dogo huanza kukusanya saa kama mtu anayejaza mtungi kwa kijiko, wakilenga zile 1,500 zinazohitajika kwa leseni ya juu. Shirika likifa wakiwa na saa 700, mtungi haujai, na nyumbani kuna mzazi anayeuliza kiwanja kiliuzwa kwa ajili gani. Mmoja wao sasa anaendesha bajaji mjini. Kapteni aliwahi kuipanda bila kujua dereva ni nani, na yule kijana akakataa kupokea nauli.

Nimesoma Laborem Exercens, waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, nami niliujibia mtihani nikapata alama nzuri. Nimehubiri mara nyingi mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Sikuzote nilikazia ukarimu wa mwenye shamba, na mara chache sana niliwatazama wale waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja. Walipoulizwa mbona wamekaa bure mchana kutwa, walijibu kwamba hapana mtu aliyewaajiri. Kapteni ndiye aliyenionyesha kuwa jibu lile limebeba mchana mzima wa jua.

Alirudi kanisani Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Asubuhi ile ndege ya abiria ilikuwa imeanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafariki, wakiwemo marubani wote wawili. Nilikuwa nimewaombea marehemu. Alikuja Misa ya jioni peke yake, akasimama nyuma karibu na mlango. Watu walipotoka walimzunguka wakimtaka aeleze kilichotokea, naye akawajibu kuwa yeye hakuwamo ndani ya ile ndege, na asiyekuwamo anyamaze hadi wachunguzi wamalize. Kisha akaja barazani. Chai ile niliyoitaja ni ya jioni hiyo. Nilimwomba radhi kwa yote mawili, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Mwaka uliofuata alipata kazi nje, ndege za mizigo, usiku kwa wingi. Katika kazi hiyo ukihama shirika, mara nyingi ukongwe wako unaubwaga mlangoni. Kwa hiyo mtu wa saa 6,000 alianza tena kiti cha kulia, akipokea maagizo ya kapteni mdogo kwake kwa umri. Mkewe na watoto wamebaki hapa. Huwaona kila baada ya miezi kadhaa, na binti yule wa benchi la tatu sasa yuko kidato cha tano.

Jina lake nilikwisha kuagiza liondolewe kwenye orodha ya wadaiwa. Mwezi uliopita, bila kuambiwa na mtu, alituma milioni tatu zilizobaki kwenye akaunti ya parokia, paa lenyewe likiwa limekamilika zamani. Mhazini ameniuliza mara mbili stakabadhi aiandike kwa jina gani, nami sijamjibu, kwa sababu fedha zile zilifuatwa na ujumbe mfupi kwenye simu yangu: "Padre, safari hii msinisome."