Askari wa Milimita 28

Mchezaji wa bao huhitaji ubao wenye mashimo 32, kete 64 na mtu wa kukabiliana naye. Akisha kuvipata hivyo, hana haja ya kununua kitu kingine maishani. Anayetaka kuingia katika mchezo wa vita vya vijisanamu, ambao una mashabiki wengi nchini Uingereza, hukabiliwa kwanza na swali ambalo mcheza bao halijui kabisa: je, ni vita vipi? Kete haina taifa wala zama. Kijisanamu, kwa upande wake, ni askari wa jeshi fulani katika mwaka fulani, na sare yake sharti iwe ile iliyovaliwa mwaka huo. Ndiyo maana mwanagenzi wa mchezo huu, kabla ya kufika dukani, aghalabu hujikuta maktabani.

Mchezo wenyewe una nasaba mbili. Ya kwanza ni ya kambini. Mwaka 1824, huko Prussia, afisa Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za kuwafundishia maafisa vita kwa kutumia ramani, vipande vidogo, dadu na mwamuzi. Ya pili ni ya sebuleni. Mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, alitoa kitabu Little Wars, kilichoeleza jinsi ya kupiganisha askari wa risasi sakafuni kwa mizinga midogo ya springi irushayo vijiti. (Kiswahili kina kejeli yake hapa: madini ya kufinyangia mwanasesere na kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki vina jina moja.) Wells alishikilia kwamba vita vidogo ni bora kuliko vikubwa kwa kuwa havimwagi damu ya mtu. Haukupita mwaka mmoja unusu, vita vikubwa vikazuka.

Baadaye mchezo ulitoka katika sebule za wenye nafasi. Kufikia miaka ya 1960 askari wa plastiki wa kampuni ya Airfix walikuwa wakiuzwa kwa bei ambayo hata mtoto wa kibarua aliweza kuimudu, na mwaka 1962 Donald Featherstone, mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Southampton, akachapisha kitabu War Games, kilichowaingiza wengi katika uraibu huu.

Mtaka yote hukosa yote, na msemo huu unamhusu mwanagenzi kuliko mtu mwingine yeyote. Husoma habari za Napoleon usiku mmoja, asubuhi akaagiza askari 400. Baada ya mwezi ishirini wamepakwa rangi, waliosalia wamo katika maboksi chini ya kitanda, na hamu imekwisha. Ni heri aanze na kanuni zinazodai machache. Zile ziitwazo DBA, zilizotolewa mwaka 1990, hutaka vibao 12 tu kwa kila upande, na kila kibao huhesabiwa kuwa kikosi kizima. Uwanja wake waweza kuwa wa futi mbili kwa mbili, na pambano huweza kumalizika katika muda wa saa moja. Kuhusu kimo, wapo askari wa milimita 28, wa 15 na hata wa 6. Wa 28 wana nyuso. Wa 6 huvutia wakiwa wengi, kama siafu.

Kazi kubwa lakini ni rangi, na wengi hukiri kwamba huipenda kuliko vita vyenyewe. Kijisanamu husuguliwa kuondoa mabaki ya kalibu, hupakwa rangi ya msingi, kisha ngozi, sare, mikanda na bunduki, kila kimoja kwa zamu yake. Rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji humiminwa juu yake ili ituame katika mikunjo na kufanya vivuli. Mwisho huja vanishi, kisha kijisanamu hugundishwa kwenye kibao kilichonyunyiziwa mchanga. Mtu aliyetumia jioni nzima kumpaka askari mmoja macho huanza kujiuliza huyu alikuwa nani.

Swali hilo huwa zito anapochagua vita vya Tanga. Mnamo Novemba 1914 Waingereza waliteremsha pwani hiyo kama wanajeshi 8,000 kutoka India. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baadhi yao wakitumia bunduki za muundo wa 1871 zilizotoa moshi mzito uliofichua alipo mpigaji. Waingereza walishindwa, wakarudi melini. Ni pambano linalofaa meza kwelikweli: mji mdogo, reli, mashamba, na nyuki waliochokozwa wakawavamia wapiganaji. Ni nadra mwandalizi kuwasahau nyuki.

Wanaosahaulika ni wengine. Baada ya Tanga vita viliingia bara, vikaendelea hadi Novemba 1918. Huko mbung'o waliua farasi na nyumbu, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zina majina yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, miongoni mwa sanamu tatu za ukumbusho yumo mpagazi, asiye na bunduki.

Mezani hayumo, na sababu yake ni nyepesi: hapigi, kwa hiyo hana alama. Utetezi kwamba mchezo ni mchezo tu haumfai mtu aliyekwisha kubishana wiki nzima kuhusu rangi ya kofia. Wala dawa si ngumu. Vijisanamu vya wapagazi hupatikana. Mwanagenzi apake rangi ishirini, awaweke nyuma ya kila kombania, na aandike kanuni moja ya ziada: bombomu halisogei ila kwa watu wa kulibeba, na kikosi kilichoachana na wapagazi wake hakipigi zaidi ya zamu tatu. Mara moja mchezo hubadilika. Jeshi huenda polepole, njia huwa na thamani kuliko kilima, na kamanda hulazimika kuwahesabu watu ambao hakupanga kuwahesabu. Na mpinzani, ambaye mpaka hapo hakuwa amewatupia jicho, huanza kuwalenga wao kwanza.