Katika Njia za Mtume Paulo: Pasipoti na Safari ya Meli

Bandari ya Civitavecchia iko mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka Roma. Kaisari Trajano ndiye aliyeijenga, yapata miaka 1,900 iliyopita, na hata leo mahujaji hupandia meli hapo, waende kuona miji ambamo Mtume Paulo alihubiri. Sisi nasi, jamaa kadhaa kutoka Kongo pamoja na padri wetu, tulipanda hapo. Tuliona mengi ya kumshukuru Mungu, tena tuliona jambo moja lifaalo kujulikana na kila jamaa inayofikiri kusafiri.

Meli ya namna hii ni kama mji uendao juu ya maji. Karani humpa kila abiria kadi yenye jina lake; atokapo huionyesha, arudipo huionyesha, na hivyo hujulikana ni nani aliyemo na ni nani aliyebaki nchi kavu. Na pasipoti je? Katika meli nyingine karani huzikusanya zote na kuzitunza. Katika nyingine kila mtu hutunza yake, na chumbani mna kisanduku cha chuma kifungwacho kwa tarakimu. Katika meli yetu ilikuwa hivyo.

Tulifika kwanza Malta. Matendo ya Mitume yatuambia ya kuwa meli ya Paulo ilivunjika huko, na watu 276 waliokuwamo wakaokoka wote. Kabla ya hapo, mjini Yerusalemu, Paulo alikuwa ameepuka mijeledi kwa kusema tu ya kwamba yeye ni raia wa Roma, na jemadari akamsadiki. Siku zetu si kama zile. Tangu mkutano wa Paris wa mwaka 1920, mataifa yalipopatana juu ya mfano wa kijitabu cha pasipoti chenye kurasa 32, neno la msafiri peke yake halitoshi. Kijitabu ndicho kimsemeacho.

Kutoka Malta tulikwenda Piraeus, bandari ya Athens, na hapo ndipo msiba ulipotupata. Mama mmoja wa kundi letu alitia pasipoti yake katika mkoba wa mkononi. Ndani ya treni iendayo mjini watu walisongamana mno. Alipofika chini ya kilima cha Areopago, ambapo Paulo alisema na Waathene, aliona mkoba wake umekatwa kwa wembe. Fedha zilizoibwa zilikuwa chache. Pasipoti ndiyo iliyokuwa hasara.

Meli ilikuwa ya kuondoka jioni ile ile kwenda Uturuki, na meli haingojei mtu. Tena Italia, Malta na Ugiriki zimo katika mapatano ya Schengen, lakini Uturuki haimo. Atokaye huko na kutaka kurudi Italia hana budi kuwa na viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mama huyu sasa hakuwa hata na pasipoti.

Alimwambia mumewe: “Baba, nenda wewe. Ukafike Efeso, ukaniombee.”

Mumewe akajibu: “Mama, tuliahidiana mbele ya altare. Usipofika Efeso, nami sifiki.” Akashusha masanduku yao mawili.

Kilichowasaidia ni karatasi moja. Mume alikuwa ameweka katika sanduku lake nakala ya pasipoti ya mkewe, pamoja na viza. Kwa nakala hiyo polisi waliandika hati ya wizi, na ubalozini walimtambua upesi, wakampa karatasi ya kurudi nyumbani. Sisi wengine tulifika Efeso. Katika nyumba ya Bikira Maria mlimani, alipozuru Papa Paulo VI mwaka 1967, tuliwasha mishumaa miwili kwa ajili yao.

Basi, wasomaji wapendwa, kabla ya kuondoka fanyeni nakala: moja mwachie ndugu nyumbani, nyingine iwe katika sanduku la mwenzako. Wazee husema akiba haiozi. Katika kila bandari mwulizeni karani kama pasipoti yenyewe yatakiwa nchi kavu. Isipotakiwa, ibaki katika kisanduku cha chuma. Ikitakiwa, ivaliwe katika mfuko wa kitambaa chini ya nguo. Baba asibebe pasipoti za nyumba nzima katika mkoba mmoja.

Ikipotea, nendeni polisi siku ile ile, kisha ubalozini. Na iliyokwisha kutangazwa kuwa imepotea msiisafirie tena, hata ikionekana. Kwa maana tangu mwaka 2002 polisi wa mataifa, yaani Interpol, huweka orodha ya pasipoti za namna hiyo, na mwenye kuionyesha mpakani aweza kushikwa.

Mama yule alipotuaga gatini hakulia. Alitupa rozari yake tuipeleke Efeso. Tuliipeleka, nasi tulimrudishia mkononi mwake, nyumbani Kongo.