Ndege ya dawa na majivu ya Nyiragongo



Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Lava ilifika karibu na uwanja wa ndege wa Goma, nao ukafungwa. Tarehe 27 tukaamriwa kuhama. Mimi na jamaa yangu tulikwenda Sake kwa miguu. Huko mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari aliniuliza kila asubuhi: "Muandishi, ndege ya dawa iko wapi?" Nilimjibu nilivyosikia njiani: "Marubani wametuogopa." Leo nasahihisha neno lile.

Baadaye fundi mmoja wa ndege alinieleza kwa mfano wa babula. Babula ya bati tupu huungua upesi. Yenye udongo ndani hudumu, kwa sababu udongo hukinga bati na moto wa makala. Injini ya jeti ni vivyo hivyo. Ndani yake joto laweza kupita digrii 1,400, la kuyeyusha hata mapanga ya chuma yanayozunguka humo. Kwa hiyo mapanga hupozwa kwa hewa, tena hupakwa ganda la kauri, zirkonia iliyochanganywa na itria, ambalo mara nyingi halifiki unene wa nusu milimita.

Majivu ya volkano ni unga wa mawe. Yakiingia katika moto ule huyeyuka na kupenya ndani ya ganda. Yakipoa hukauka kama chupa, ganda hubanduka, chuma hubaki wazi. Mengine huziba njia za hewa. Mwaka 1982 ndege ya British Airways ilipita katika majivu ya mlima Galunggung, Indonesia. Injini zote 4 zilizimika. Zilipowaka tena, ikatua Jakarta salama.

Watafiti wanaboresha ganda hilo. Wengine huongeza tabaka lenye gadolinia: majivu yaliyoyeyuka yakiligusa huganda upesi, yakazuia mengine kupenya. Lakini hata hilo si ruhusa ya kuingia katika wingu la majivu.

Yule mama alipata dawa yake kwa boti. Nilimrudia nikamweleza. Akasema: "Kumbe ni mlima wetu!"

Ninyi mnaotumia dawa kila siku, wekeni akiba kidogo kila mnapoweza. Nami, kabla ya kusema tumesahauliwa, nitauliza kwanza.