Chumba Kimoja, Upande wa Mdandu

Mwezi wa saba baridi ya Mdandu haina masihara. Saa moja asubuhi watoto wamejikunja, vidole wamevificha ndani ya masweta, na katika kitongoji nilichokwenda kukiona wote wanaingia mlango mmoja, kwa kuwa hakuna mwingine. Shule yao ni chumba. Kuta ni za tofali za kuchoma, juu bati, ubao mbele na ubao nyuma. Darasa la kwanza wanatazama huku, la pili wamewapa mgongo wanatazama kule, mwalimu yuko katikati. Hawa wakiandika herufi, wale wanatoa hesabu kwa sauti. Akigeuka, zamu inabadilika. Nilikaa benchi la pembeni kipindi kizima nikimtazama, na sijui kazi ya ualimu inayodai akili na subira kuliko ile.

Kiserikali hii ni shule shikizi: haina usajili wake, imeshikizwa kwenye shule mama, inawalea wadogo mpaka wapate miguu ya kwenda mbali. Shule mama iko ng'ambo ya bonde, na katikati kuna kijito ambacho wakati wa mvua mtoto wa miaka sita havuki.

"Kamwene," alinisalimu mzee mmoja nje, nami nikaitika kamwene. Alikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Kila kaya ilitoa tofali, wanaume wakasomba mawe, akina mama wakabeba maji. "Tulipandisha boma mpaka kwenye lenta, mwanangu. Halmashauri ikaja kuezeka."

Nilimsikiliza nikiwaza jinsi maneno hayo yangeweza kusemwa hapa wakati wowote katika miaka mia na ushee iliyopita. Mdandu ni kwa akina Mbeyela, waliokuwa watawala wa Wabena. Septemba 1905, Maji Maji, vita ya kuwapinga Wajerumani, ilipofika nyanda hizi, Mbeyela alikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, alikokuwa Gröschel, mmisionari Mjerumani wa Misheni ya Berlin. Wamisionari hao walikuwa wameingia Ubena, nchi ya Wabena, mwishoni mwa karne ya 19, na popote walipoweka mwalimu, darasa na kanisa vilikuwa kitu kimoja: udongo, fito, nyasi, vyote vya wanakijiji. Wajerumani walipoondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, walimu Waafrika ndio walioshika chaki na mahubiri pamoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura kubwa kuliko zote katika historia ya elimu ya huku, na ndiyo inayosimuliwa kidogo kuliko zote.

Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule Malangali, kaskazini ya hapa, chini ya Bryant Mumford. Wana wa watawala walisoma humo, na wazee wa kabila waliitwa kuwafundisha mila. Jaribio hilo liliandikwa sana Ulaya. Mtoto wa mkulima wa kawaida alibaki na chumba chake cha udongo, na alipofika darasa la nne mtihani ulimchuja.

Hata hivyo chumba hicho kilikuwa na kazi yake. Vijana wa Njombe walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga kutafuta pesa ya kodi, wakakaa huko miezi na miaka. Baba wa yule mzee wa kamati alikuwa mmoja wao. Barua yake ikifika, mama wa mzee aliifunga kwenye pindo la kanga, akaipeleka kwa mwalimu asomewe. Siku moja mwalimu alikataa kuisoma. Akamwita mtoto wa mama huyo kutoka kwenye benchi, akamkabidhi. Mzee alinieleza hayo akiwa amesimama wima, kama aliyeitwa mbele ya darasa.

Baadaye vikaja vijiji vya ujamaa, kisha elimu ya msingi kwa wote (UPE) mwaka 1977, na walimu wa UPE waliotoka darasa la saba wakaingia moja kwa moja kufundisha. Mwaka 2016 michango ilipoondolewa, vyumba vilifurika. Fedha za mpango wa kukabili UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Hilo ni jambo jema na nalisema bila kusita. Ila tunahesabu vyumba kwa urahisi kuliko tunavyohesabu walimu. Mtoto asipojifunza kusoma miaka hii miwili ya kwanza, ni vigumu kufidia baadaye, na ni vyumba kama hiki, mwisho wa barabara, vinavyopewa mwalimu mgeni kazini kuliko wote, au anayejitolea. Ningekuwa na sauti, mwalimu hodari wa wilaya angeanzia hapa, na posho yake ingekuwa nono.

Mchana kulikuwa na mkutano wa wazazi. Hoja ilikuwa tofali zilizobaki: zijenge chumba cha pili, au nyumba ya mwalimu, ambaye sasa amepanga mbali na shule? Mabishano yalichukua muda. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akauliza nani atafundisha kwenye chumba hicho cha pili iwapo huyu atahama. Wakapiga kura ya mikono, nyumba ikashinda. Msingi unachimbwa Jumamosi, kila kaya ije na jembe, na bati ziwe juu kabla ya mvua za Novemba.