Bukavu: gari lililoachwa wakati wa vita lasafishwa bulo kwa bulo

Katika garaje moja ya Kadutu, mjini Bukavu, makopo ya maziwa ya unga yamepangwa kando ya ukuta. Kila kopo lina bulo, ekru na resori za gurudumu moja, pamoja na kikaratasi kinachoonyesha zilikotoka. Ni vyuma vya Toyota ya zamani. Mwenye gari, shofa na baba wa watoto watano, aliliacha nyuma ya nyumba mwezi wa Februari 2025, vita ilipofika mjini. Familia ilikimbia kwa miguu. Waliporudi walilikuta gari, lakini mvua ya miezi mingi ilikuwa imelishika kutu.

Shofa alikuwa na haraka. Gari hilo ndilo linalolisha nyumba, kwa kubeba wamama wa soko na mizigo yao kuelekea Kamanyola. Pesa kidogo aliyokopa aliiweka kwa ajili ya rangi.

"Mzee, paka rangi tu, watu wapande," alimwambia fundi.

"Baba, kule Ngomo rangi haitamshika mtu," fundi alijibu. "Vitamshika hivi vidogo."

Anayejua mteremko wa Ngomo, kona zake na bonde lililo kando, anaelewa neno hilo.

Kazi ilichukua siku nyingi. Bulo zilizokataa kufunguka zililazwa ndani ya mazutu usiku kucha. Asubuhi kijana wa garaje alizisugua kwa brosi ya waya, kisha kwa msasa. Vyuma visivyobeba uzito viliwekwa ndani ya siki siku moja, vikaoshwa kwa maji na sabuni, vikakaushwa palepale, kwani chuma kitupu kikibaki na maji, kutu hurudi upesi. Vikapakwa rangi ya kuzuia kutu, lakini si kwenye meno ya bulo.

Fundi alikataza mambo mawili. La kwanza, asidi ya batri: inachoma macho na ngozi, tena inaweza kufanya resori ivunjike kama kijiti. La pili, mazutu kwenye mipira ya freni: mpira unavimba, na freni inakwama au inavuja. Mipira hiyo huoshwa kwa mafuta ya freni yenyewe.

Kutu ilipotoka, ukweli ulionekana. Resori mbili za freni za nyuma zilikuwa na mashimo, na bulo moja ilikuwa imeliwa hadi ikawa nyembamba. Zingeweza kupakwa rangi na kung'aa. Hakuna abiria ambaye angejua.

Shofa alizishika mkononi muda mrefu bila kusema. Halafu alitoa pesa ya rangi, akamtuma kijana kununua resori na bulo mpya.

Gari limetoka garaje na mabaka yake. Watu wengine mtaani wamelicheka. Kabla ya kulipeleka Kamanyola, fundi alilijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa karibu, mara tatu, akiwa peke yake ndani.

Kwa familia zinazorudi na kukuta gari au pikipiki imesimama muda mrefu, fundi huyo anasema waanze na freni. Rangi itangoja.