Babu Yako Utamchora Wapi?

Wasee mnaosema katuni si kitabu, tulieni kidogo. UNESCO wana kitabu cha picha kuhusu maisha ya Wangari Maathai, amekichora Eric Muthoga, na kukisoma kwa simu ni bure. Kitabu cha kawaida kikisema "alipambana na serikali", unapita tu. Mchoraji hapiti. Lazima aamue nani ameshika rungu, nani yuko chini, nani amesimama kando akitazama.

Sasa sisi wa Meru na Embu, nani atatuchorea Bernard Mate? 1957, Mmeru huyu alimbwaga Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, aliyekuwamo tangu 1944. Stori tamu, hadi ufike kwa foleni ya kura. Ni Hali ya Hatari. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hapigi kura bila cheti cha uaminifu kwa mkoloni. Kwa hivyo kuna walio kwenye foleni, walio kizuizini, na wachache bado msituni.

Babu yako utamchora wapi? Wangu, nikiuliza nyumbani, watu huanza kuongea kuhusu mvua.